Mapazia ya Buluu ya Kawangware 46

Juzi nilimpeleka binti yangu kununua yunifomu, na harufu ya kitambaa kipya iliponifika puani nikacheka peke yangu dukani. Wewe uliyekulia ploti, vyumba vya kupanga vinavyozunguka uwanja mmoja, utanielewa. Kimawazo nilikuwa nimerudi Kawangware 46, Nairobi, Januari ile ya 2008 baada ya uchaguzi, shule hazijafunguliwa na sisi watoto tukiwa wafalme wa mtaa.

Nyumba zetu hazikuwa na namba. Ukiuliza mtu, ulielekezwa kwa pazia la mlangoni: nenda kwa maua mekundu, ukikosa uliza kwa mistari ya kijani. Yote yalishonwa na jirani yetu, mama fundi aliyekaa langoni na cherehani yake. Januari ndiyo iliyomlisha mwaka mzima, na tayari alikuwa ametia akiba yake yote kwenye majora ya kitambaa cha buluu cha yunifomu.

Kisha watu wakaanza kufika kutoka Kibera, magodoro kichwani, wakisema vijana wanafukuza watu kwa kabila, na kwamba majirani wanawatajia vijana hao mapazia ya kuvamia. Mama aliacha kusonga ugali. Sisi ndio tuliokuwa maua mekundu, na ploti nzima wa kabila letu tulikuwa nyumba chache tu. Fundi alikuwa wa kabila la vijana wa mtaa wetu. Yeye angeweza kukaa kimya na asiguswe.

Asubuhi yake aliingia uwanjani na makasi. Jamani, siku ile! Alikata majora yote, akashona bila kupumzika, nasi tukikimbia na mapazia mlango hadi mlango, tukipanda viti, tukipiga kelele kana kwamba Krismasi imerudi. Akina mama walimletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Kufikia alasiri milango yote ilikuwa buluu, na nyanya yangu, akitoka msalani, aliingia nyumba ya watu akavua viatu na kuketi kitandani. Tulicheka hadi tukalia.

Vijana walikuja kesho yake mchana. Walisimama katikati ya uwanja wakitazama buluu tupu, wasithubutu kuvunja mlango wowote wasije wakavamia watu wao. Wakarudi langoni kwa fundi. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji.

"Mathe, wewe ni wetu," mmoja akasema. "Tuonyeshe tu milango, sisi tuishie zetu."

"Mimi ni wa kushona," fundi akajibu. "Milango siwaonyeshi."

Waliivunja cherehani kwanza. Halafu wakampiga rungu mkono wa kulia, wakaenda zao. Hatukuguswa hata mmoja.

Mkono ulipona ukiwa umepinda, vidole visiweze tena kushika sindano. Watu wa kwao walimwita msaliti. Hata kanisani alikaa peke yake kwenye benchi.

Ploti ilibomolewa, pakainuka ghorofa la milango ya chuma. Jana, Jumapili, nilirudi mtaani nikamkuta fundi kando ya barabara, anauza nyanya, akizipanga kwa mkono wa kushoto. Nilimshukuru, kisha nikamuuliza kama angefanya vile tena.

"Nyinyi nawapenda," akasema. "Lakini hata kushona nilipenda."

Siku niliyoifurahia kuliko zote utotoni mwangu ndiyo siku yake ya mwisho kushona.