Koki Nyekundu Ipo kwa Heshima

Nilifika nyumba ya wageni moja pale Somanga, nikamkuta fundi anamalizia kufunga bomba la mvua bafuni, lenye koki ya bluu na nyekundu. Mama mwenye nyumba akafungua nyekundu. Halikutoka hata tone.

"Fundi, ya moto mbona hayatoki?"

"Mama, ukutani tulizika bomba moja tu. Hiyo nyekundu nimeishindilia kwenye plasta, ikae kwa heshima."

"Na wageni nimeshawaahidi maji ya moto!"

Fundi akanyoosha spana dirishani, kwenye tenki lililoanikwa juani. "Wafungue bluu baada ya adhuhuri."

Nikacheka. Saa nane nikafungua bluu, nikarukia mlangoni na povu kichwani.

"Mama, yanaunguza!"

"Si unaandika gazetini wewe? Yaandike hayo hayo!"

Nimeyaandika.