Samaki Waliotokeza

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini, ilituletea kila kitu, na mimi ikaniletea uchuuzi wa picha pale njia panda ya Dumila. Zilikuwa picha za plastiki zenye mistari midogo midogo, ukipitisha ukucha inakwaruza. Ukisimama mbele yake, bila miwani wala kifaa chochote, samaki wanatokeza nje hadi unadhani utawashika. Kizuri chajiuza, wanasema. Anayesema hivyo hajawahi kushinda juani akipiga kelele chini ya madirisha ya mabasi.

Nilikuwa na mbinu moja tu. Nilimwambia abiria, "Mguse samaki." Kidole kilisimama hewani kabla hakijafika kwenye plastiki, wenzake wakamcheka, na mmoja wao akanunua. Sababu yake sikuijua mpaka siku vumbi liliponiziba jicho moja. Samaki wote wakalala bapa, kama wa kwenye kalenda. Nilipolinawa wakatoka tena. Nikaelewa kwamba ile mistari inaligawia kila jicho picha yake, na bila macho yote mawili hakuna samaki anayetokeza.

Nilichoka, na biashara ikachoka kuliko mimi. Nikafunga mzigo nikaenda Masanze kwa mama, aliyekuwa akilima peke yake tangu baba afariki. Nilimpelekea picha moja katika zilizonidodea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko Dumila watu hawali?"

Niliiegemeza picha ukutani, pale barazani. "Hebu mguse samaki."

Kidole chake kikaenda moja kwa moja mpaka kikagonga plastiki.

"Ee, wanatokeza kweli," akasema. "Wazungu hawa!"

Nikamwomba arudie. Kikagonga tena, na tena akawasifu samaki.

Nilitamani kunyamaza. Kwetu mtoto hamwambii mzazi kwamba hasemi kweli, na mwili wangu wote ulikuwa unataka mkeka tu. Lakini hofu ilikwisha kunishika.

"Mama, jicho gani halioni?"

Alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa na maji.

"La kushoto. Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Mbona hukutuambia wanao?"

"Ningewaambia, mngenitoa shambani. Mngenikalisha kwenu kama mgeni, nikisubiri kuletewa chai."

Nilikasirika. Nilimwonea huruma pia, na sikuwa na nguvu ya kuyabeba yote mawili. Nikamwambia kesho tunakwenda Berega, hospitali ya misheni, atake asitake. Nikajiandaa kwa ubishi, maana mama hakuwahi kukubali neno mara ya kwanza, hata la padri.

"Twende," akasema. "Hata leo, kama gari lipo. La kulia nalo limeanza."