Alois na Mikaratusi ya Ushirika wa Umeme

Alois alitunza mtambo wetu wa umeme miaka ishirini na minne, na ndiye aliyeuua. Nalisema hili bila kumung'unya maneno, kwa sababu na mimi nilimsaidia kuuua.

Sisi ni wakulima wa viazi, upande wa Uwemba. Mwaka 1998 kaya hamsini na nane tulianzisha ushirika, tukachimba mfereji kwa majembe, kila kaya na kipande chake, hadi maji ya kijito yakafika kwenye bomba na kuuzungusha mtambo. Taa zilipowaka kwa mara ya kwanza, watu waliimba mpaka sauti zikawakauka. Serikali ilikuwa bado haijatukumbuka, na sisi hatukuwa tumemngoja mtu.

Shida ilikuwa nguzo. Za kwanza zilioza, na kubeba nyingine kutoka mbali kulituvunja migongo. Alois, mtu mwenye akili nyingi kuliko subira, akasema tupande mikaratusi kandokando ya kijito, maana penye maji hukua upesi. Tukampigia makofi. Kila kaya ikapewa mstari wake, na mtoto alipobatizwa, wazazi waliongeza mti mmoja kwenye mstari. Mti huo ukawa wa mtoto. Mwingine haruhusiwi kuugusa, hata kwa kuni. Hakuna aliyeuliza miti yote hiyo ingekunywa nini.

Ilikunywa kijito. Kufikia mwaka juzi umeme uliwaka jioni tu, tena kidogo, taa nyekundu kama kaa linalozimika. Kila asubuhi Alois alishuka kwenye banio, pale maji ya kijito yanapoingia mferejini, na fimbo yake yenye alama, akapima kina. Mwezi wa tisa fimbo ilitoka na tope tu kwenye ncha, naye akaitisha mkutano.

"Ni mimi niliyewaambia tupande," alisema, kofia mkononi. "Nilikosea. Nawaomba tuikate yote, kabla mtambo haujasimama kabisa."

Wote tulikubali kwamba miti ikatwe. Yaani miti ya jirani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwenzetu Obed alisema watoto wake wako Ludewa, na hawezi kuwaamulia. Nami nikasimama, nikamgeukia Alois.

"Baba Hyasinta, Janeth wangu yuko Makambako. Mti wake siukati bila yeye kujua."

"Basi mpigie simu, Mama Janeth."

"Jambo kama hilo haliongelewi kwenye simu."

Watu wakaguna kwa kuniunga mkono. Nilijiona nimesema la maana sana.

Kesho yake Alois alishuka bondeni na shoka, akaukata mstari wake, miti saba. Wa kwanza ulikuwa wa Hyasinta, kifungua mimba wake, aliyefariki akiwa darasa la tatu. Mkewe Feliciana alisimama ng'ambo ya kijito, mikono kichwani.

"Huo uache, baba," alimwambia. "Huo tu."

Hakuuacha. Alidhani tukiona ameukata ule, tutaona haya na kumfuata.

Haya tuliona, lakini hatukukata.

Mtambo ulisimama mwezi wa kumi. Mvua zilipoanza, visiki vya Alois vilichipua, kila kimoja machipukizi manne, matano, yenye kiu kuliko mama zao. Feliciana anampikia mumewe lakini hazungumzi naye. Mchana kutwa Alois hukaa kwenye kibanda cha mtambo, akifuta vumbi kwenye chuma kisichozunguka. Nikipita namsalimu, "Kamwene," naye ananiitikia vizuri tu, bila kinyongo. Laiti angenitukana.

Krismasi Janeth alikuja nyumbani. Nilimpeleka bondeni na kumweleza yote: mkutano, shoka la Baba Hyasinta, mtambo uliokufa. Nikamwambia mti wake nilimlindia, huu hapa umesimama. Alitazama juu, akanitazama mimi.

"Kumbe nina mti?" akauliza.

"Ulipandwa siku uliyobatizwa, mwanangu."

Akaugusa kwa kiganja, kidogo tu, kisha akajifuta mkono.

"Si mngeukata tu, mama," akasema.