Resori Iliyolazwa Kwenye Majivu

Siku ile habari ziliponifikia, motokari yetu ilikuwa imekaa chini upande mmoja wa nyuma, kama kuku anayetaka kutaga. Habari alizileta mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, aliyekuwa anapanda kutoka Lweba, kwetu, mpaka soko la Fizi nilikoolewa. Alitua kitunga, hata salamu hakuimaliza.

"Dada, mama yako iko mubaya. Hakuli tena. Anakuita, anataka akuone."

Mi nilimfunga mutoto mugongoni palepale nianze kutembea. Kushuka kutoka Fizi mpaka Baraka, halafu ufuate ziwa mpaka Lweba, ni mwendo wa siku mbili kwa mwanamke mwenye mutoto. Bwana yangu akanishika mkono.

"We! Utembee namna gani, na motokari iko hapa? Resori natengeneza leo. Kesho uko kwa mama."

Akamgeukia muuza ndagala: "Ukirudi, umwambie mama tunakuja na motokari. Atusikilizie tu."

Nikabaki. Mama yangu aliwasimulia batu wote wa Lweba kwamba mukwe wake iko na motokari. Nilitaka nimfurahishe, na miguu yangu nayo ilitaka motokari, sitadanganya.

Motokari yenyewe ilikuwa ndogo na nzee. Bwana yangu aliinunua kwa muzungu mmoja wa duka aliyekuwa anarudi kwao. Kutu ilikuwa imeila tangu milango mpaka chini; ukikaa nyuma unaona barabara inapita kati ya miguu yako. Lakini batu walimwita "shofere", na akisikia hivyo shingo yake inarefuka. Na resori ni vile vyuma virefu vyembamba, kimoja juu ya kingine, vinavyoibeba motokari isijigonge kwenye mashimo. Kile kirefu kuliko vyote, cha kushoto, kilikuwa kimekatika katikati.

Tulianza kufungua bulo, zile skrubu nene zinazokishika. Ee Mungu! Kutu ilikuwa imezishika kabisa. Tulichemsha mafuta ya ngazi, yale ya mawese, tukazimwagia, tukangoja, tukavuta ufunguo wa bulo sisi wote wawili. Ukateleza, na ngozi ya vidole vyangu ikabaki kwenye chuma. Niliitukana ile motokari na mama aliyeizaa. Mwishoni bwana yangu alilala chini, akazikata na musumeno wa chuma, vumbi jekundu linamwagika machoni mwake.

Halafu tupate wapi chuma kingine? Huko kwetu chuma cha resori hakilali njiani. Kamio, lile gari kubwa la mizigo, likifia barabarani, injini haijapoa vizuri, wahunzi wameshachukua resori, kwa sababu hakuna jembe linalolishinda jembe la resori. Ukipita mashambani unaona makamio mazima mikononi mwa bamama. Bwana yangu alizunguka kwa wahunzi, wote wakamuonyesha majembe. Mmoja tu ndiye alikuwa na chuma ambacho hajakipika.

Kilikuwa kirefu kupita chetu. Kilitaka kukatwa, kukunjwa na kutobolewa. Muhunzi, mzee mwenye mikono mikubwa na maneno ya taratibu, alikiweka motoni mpaka kikawa chekundu. Akakikunja sawasawa na kile cha zamani, hata mi nilimsifu. Nikasema, "Haya baba, kimwagie maji, tuende."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, chuma cha moto ukikimwagia maji kinapata roho mubaya, kinavunjika. Majembe yangu mi nayalaza kwenye majivu, yanapoa pole pole, ndiyo maana hayavunjiki kwenye jiwe. Hiki kitabeba mutoto wako. Kitalala humu mpaka kesho."

"Ndiyo, baba," bwana yangu akaitika, "ndiyo, kabisa."

Niliwaambia ngoja-ngoja inaumiza tumbo, wakacheka wote wawili. Muhunzi akakifukia chuma vizuri, kwa mikono miwili, kama mutu anayefunika mutoto baridi isimpate. Hakika alitupenda yule mzee. Siku yote ikaishia pale.

Kesho yake chuma kikaingia, bulo zikafungwa, na motokari ikasimama wima. Nilipiga vigelegele! Tukaondoka. Nikaanza kumwambia mutoto mugongoni kwamba leo ataona nyanya yake.

Tulikuwa hatujamaliza kushuka milima niliposikia harufu ya mpira unaoungua. Tulipotoka, nyuma kumekaa chini tena, gurudumu linasaga bati. Kile chuma hakikuvunjika, muhunzi alisema kweli. Kilikuwa kimelegea tu, kimeinama kama jani la mugomba juani. Miaka mingi baadaye makanisiani mmoja, fundi wa motokari, alimweleza bwana yangu kwamba chuma cha resori ukikipika na kukilaza kwenye majivu unakiua nguvu. Kinafaa kulima, kubeba hakiwezi. Siku ile hakuna aliyejua kitu hicho kati yetu. Bwana yangu alichomeka kipande cha muti kushikilia, tukaenda kidogo tena, na pale resori inapofungwa, kutu ikaachia. Bati likapasuka kama nguo nzee. Motokari ikalala barabarani.

Akaanza kutafuta kriki ainyanyue. Nikamwambia, "Baba ya batoto, we baki na bibi yako mukubwa, huyu wa kutu. Mi nakwenda kwa mama."

Nilitembea. Baraka nililala kwa batu wa kanisa letu, na alfajiri nikashika njia ya ziwa, nusu natembea nusu nakimbia. Nilipoikaribia Lweba nilitega sikio. Hakuna kilio. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mama hakuwa ndani ya nyumba. Alikuwa amelazwa kwenye mukeka kando ya barabara, dada yangu mukubwa anamfukuzia nzi. "Tangu muuza ndagala alete neno lenu," dada akaniambia, "anakataa nyumba. Anasema tumulaze hapa, asikie motokari."

Macho ya mama yalikuwa hayafunguki tena. Nilipiga magoti, nikamshika mkono.

"Mama, ni mimi. Nimefika."

"We nani?"

"Mutoto wako. Wa Fizi."

Akautoa mkono wake. "Bongo, unanidanganya. Wa Fizi anakuja na motokari. Mi sijasikia motokari."

Nikamwambia imekufa njiani, nimetembea. Dada akaapa kwamba ni mimi kweli. Nikamfungua mutoto mugongoni, nikamlaza kifuani pake. Akakigusa kile kichwa kidogo. Mutoto akaanza kulia.

"Mumunyamazishe huyo mutoto wa batu," mama akasema. "Ananizibia masikio."

Nikamtoa. Nililia, nikamwita kwa yale majina ya utani aliyonipa yeye mwenyewe nikiwa kasichana. Nilipoushika mkono wake mara ya pili hakuutoa, nguvu zilikuwa zimemuisha. Alikufa jua likingali juu, vidole vyake ndani ya vyangu, kichwa amekigeuzia barabara, ananingoja.