Sauti Isiyo na Mwenyewe Kwenye Banda la Msumeno

Umeme unakatika msumeno ukiwa katikati ya gogo.

Mnyororo uliokuwa ukinguruma unakoroma, unapunguza mwendo, unanyamaza. Vumbi la mbao linabaki hewani kana kwamba halijaambiwa kuwa kazi imesimama. Nje ni saa saba mchana na jua liko utosini, lakini banda hili halina dirisha hata moja, ni mlango mwembamba tu. Taa ikizima, mtu anauona mkono wake kwa kubahatisha.

Mwanamke mwenye msumeno anaachia kitufe. Anasukuma mbele mpini wa breki, anauchomoa msumeno kwenye gogo na kuulaza chini. Kisha anaufuata waya kwa kiganja, kutoka kwenye msumeno mpaka ukutani, polepole, kama mtu anayepapasa ukingo wa kisima. Anachomoa plagi. Ina kitanzi cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Anaivaa shingoni.

"Haya, pumueni," anasema.

"Mimi nilikuwa napumua siku zote," sauti inamjibu kutoka pembe ya pili. "Wewe ndiye unayetukumbusha kufa."

Huyo ni fundi seremala, anayetumia nusu ya banda. Anacheka peke yake. Mabati ya paa yanalia tik, tik, kwa joto.

Mtaani wanamwita Mama Plagi. Ana miaka arobaini na moja, alikuwa mshonaji, na sasa anakata magogo kwa msumeno wa umeme wa mnyororo: vipande vya viti, vya miguu ya vitanda, na mabaki kuwa kuni. Plagi huivaa shingoni kila anapotaka kuugusa mnyororo, na wakati mwingine husahau kuivua. Watoto wamewahi kumwona akila nayo imening'inia kifuani, waya ukimfuata mlangoni mpaka kivulini.

Lakini plagi hiyo si kichekesho kwake. Ni jibu la swali ambalo banda hili limekaa nalo mwaka mzima na zaidi: nani alijibu?

* * *

Banda lilikuwa la kaka yake. Waya wa msumeno aliuita mkia, na alikuwa na desturi moja ambayo kila aliyefanya kazi humo aliishika. Kabla mtu hajagusa mnyororo, kuukaza, kuusafisha au kuunoa, anauliza kwa sauti: "Mkia?" Aliye karibu na ukuta anachomoa plagi, anaishika mkononi, ndipo anajibu: "Ninao."

Bila jibu hilo, hakuna kidole kinachokwenda kwenye meno.

Siku ya ajali kaka alikuwa na kazi nyingi na kidole kimechoka. Akafunga kitufe cha kuwashia kwa kipande cha mpira wa baiskeli, msumeno uwe unakwenda wenyewe bila kubanwa. "Nilijua ni kosa," anasema Mama Plagi. "Na yeye alijua. Ukiona mtu amefunga kitufe, ujue ameshajipa ruhusa."

Umeme ukakatika. Kaka akaulaza msumeno juu ya gogo. Mnyororo ulikuwa umelegea, akaona autumie muda huo kuukaza. Uso wake ulikuwa ndani ya ngao, masikio yamefunikwa na vizuia kelele.

Akauliza, "Mkia?"

Gizani sauti ikajibu, "Ninao."

Kaka akapeleka mkono wa kushoto kwenye mnyororo. Umeme ukarudi.

Vidole viwili vilikwenda mara moja. Cha tatu walikikata hospitali.

"Mimi, niliyekuwa nikija kumsaidia baada ya kushona, nilikuwa mlangoni, namsindikiza mteja," anasema dada mtu. "Nilisikia jibu kwa masikio haya. Nikasema moyoni, fundi kashachomoa."

"Na mimi nilikuwa chini ya meza natafuta skrubu," anadakia fundi. "Nikasema moyoni, dada kashachomoa."

Ukutani hapakuwa na mtu. Plagi ilikutwa ndani ya soketi.

* * *

Tangu siku ile neno "ninao" halitamkwi ndani ya banda. Hapakuwa na kikao wala tangazo; lilijiondokea lenyewe. Siku moja mteja aliulizwa kama ana muda wa kusubiri kidogo. Akajibu, "Ninao." Fundi aliangusha nyundo. Mteja akatazama nyuso zao, akasema atapita kesho. Hajapita mpaka leo.

Wengine hawaingii kabisa. Wanasimama nje juani, wanaelekeza kwa kidole gogo wanalolitaka. Mama mmoja muuza maziwa huharakisha hatua akifika mlangoni, na ukimuuliza anacheka: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtu. Hata nisiyemwona."

Mama mzazi wa ndugu hawa hakuamini mambo ya wasioonekana. Aliamini ni fundi. Kwake hesabu ilikuwa fupi: binti yake hawezi kusema uongo juu ya damu ya kaka yake, kwa hiyo aliyejibu ni yule mwingine. Fundi ni rafiki wa mwanawe tangu utotoni, amekula kwenye nyumba hiyo kama mtoto. Kila asubuhi hupita pale na kusema, "Shikamoo mama." Kila asubuhi mama huendelea kufagia.

"Nimezoea," anasema fundi akipuliza vumbi kwenye randa. Anapuliza tena. "Uongo. Sijazoea."

Na kaka mwenyewe? Alikataa kurudi. Ujumbe wake ulikuwa mmoja, na hakuubadilisha hata siku ndugu walipomwendea kwa kundi: "Nikimjua aliyejibu, narudi kesho yake. Nisipomjua, sirudi. Siwezi kufanya kazi mahali ambapo maneno hayana mwenyewe."

Ndipo mshonaji akaacha cherehani na kuushika msumeno ule ule.

* * *

Kumtazama akiuandaa ni kama kumtazama mtu akimwogesha mnyama ambaye bado hajamwamini.

Kwanza plagi, shingoni. Kisha glavu nene. Anafungua kifuniko cha pembeni, anakwangua kwa brashi uji mweusi wa mafuta na vumbi. Anauvuta mnyororo juu ya ubapa mrefu wa chuma, anaouita upanga. Mnyororo unanyanyuka kidogo, anauachia, unarudi na kulala kwenye mfereji wake.

"Ukining'inia, umelegea, utaruka. Ukigoma kunyanyuka, umebana, utaunguza mashine. Nataka uwe kama mkanda wa sketi: usibane tumbo, usianguke."

Halafu tupa ya duara. Anaipitisha kwenye jino, daima kuelekea mbele, idadi ile ile kwa kila jino, ili msumeno usivutwe upande mmoja. Sauti yake ni nyembamba, na ndani ya banda lile inatoka kila upande. Kwa muda unaweza kudhani kuna tupa nyingine inanoa nyuma ya rundo la mbao, ikichelewa kidogo tu.

"Unaisikia?" anauliza bila kuinua kichwa. "Ni bati. Linarudisha sauti." Ananoa tena mara moja. "Najiambia ni bati."

Baadaye anajaza mafuta ya mnyororo, anachomeka, na kuielekeza ncha ya upanga kwenye kipande cha boksi. Anauacha msumeno uende kidogo. Mstari mwembamba wa mafuta unajichora kwenye boksi. Mstari usipotokea, hakati.

Waya anaupitisha begani na kuuacha mgongoni, mbali na meno. Mikono yote miwili, miguu imeachana, mwili pembeni, usiwe nyuma ya upanga. Ncha ya juu haigusi kitu kamwe. "Ikigusa, msumeno unakurukia usoni. Hausemi samahani." Mvua ikinyesha, au waya ukiwa na mchubuko mdogo tu, kazi imekwisha siku hiyo. Kuna siku amerudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya mchubuko.

Kitufe hakifungwi. Kipande kile cha mpira bado kipo, kimepigiliwa msumari juu ya soketi, kimekauka na kujikunja. Kila anayetaka kuchomeka lazima akitazame.

* * *

Siku hii, umeme uliokatika saa saba ukiwa umesharudi, kivuli kinaziba mlango.

Ni kaka. Amesimama kizingitini na mkono wa kushoto mfukoni.

"Nimekuja kuona kama mmekufa," anasema.

"Tukifa tutakuletea barua," fundi anajibu haraka.

Dada yake hasherehekei. Amepata gogo kubwa ambalo mtu mmoja hawezi kulitegemeza, na amekuwa akimtumia kaka salamu za kuomba msaada wiki nzima. Anamtupia ngao ya uso na vizuia kelele. "Kaka, humu hatuingii na uso mtupu."

"Natazama tu."

"Tazama ukiwa umevaa."

Anavaa. Anasimama karibu na ukuta, hatua moja kutoka kwenye soketi, mahali alipopakwepa muda wote huo. Msumeno unanguruma. Vumbi linapanda. Anaonekana akitingisha kichwa taratibu, kwa mwendo wa mnyororo, kama mtu anayesikiliza lugha aliyokulia.

Umeme unakatika tena.

Giza. Mnyororo unakoroma, unanyamaza. Mabati: tik, tik. Dada mtu anaachia kitufe, anasukuma breki, anaanza kuinama kuulaza msumeno.

"Mkia?" sauti ya kaka inauliza. Imemtoka tu.

Dada mtu amefumba mdomo. Fundi ameuma kola ya shati lake.

"Ninao."

Ni sauti nzito, bapa, ya karibu na ya mbali kwa wakati mmoja, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya ndoo. Mama Plagi anabaki ameinama.

"Ndiyo hiyo!" fundi anapiga kelele. "Wallahi ndiyo hiyo! Ndiyo sauti ya siku ile!"

"Inatoka wapi?" dada anauliza kwa kunong'ona.

Kutoka mlangoni unaingia mwanga mwembamba, na unamwangukia kaka peke yake; kidevu chake, chini ya ngao, ndiyo kwanza kinatulia. Anavua ngao. Anavuta kizuia kelele kimoja. "Mnapigia nani kelele? Kuna nini?"

"Kaka," anasema dada yake. "Umejibu."

"Mimi nimeuliza."

"Umeuliza. Halafu umejibu."

"Sijajibu."

"Kaka. Mkono wako una nini?"

Anautazama. Mkono wa kulia uko wazi, mtupu. Plagi iko ndani ya soketi, hatua moja kutoka kwake.

Dada mtu anavuka giza bila kukimbia, anaichomoa. Ndipo kaka anateleza na ukuta mpaka chini, anakaa.

Kabla dada yake na fundi hawajaja, kaka alifanya kazi humu miaka tisa peke yake. Aliuliza mwenyewe, alichomoa mwenyewe, alijibu mwenyewe. Swali na jibu vilikaa mdomoni mwake kama hatua ya kushoto na ya kulia. Watu walipoongezeka, aliwaachia wao jibu, lakini mdomo haukuambiwa. Siku ile alikuwa amechoka, mdomo ukamaliza kazi ambayo mikono haikuianza. Swali alilipaza, jibu likamtoka chinichini; ngao na vizuia kelele vikambadilishia sauti, bati likaizungusha, na masikio yake yakaamini kuwa kuna mtu.

Anaitazama plagi mkononi mwa dada yake.

"Afadhali lingekuwa jini," anasema. "Jini unamhama. Mdomo wako unauhama uende wapi?"

Fundi anakaa pembeni yake. "Mama yako ana deni langu la salamu mia nne," anasema, na wote watatu wanacheka vibaya.

* * *

Kesho yake asubuhi fundi anapita pale nyumbani kama kawaida. "Shikamoo mama."

Ufagio unasimama. Mama ameshaelezwa yote na mwanawe, na macho yake yanaonyesha hakulala. "Marahaba, mwanangu," anasema. Kisha anasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, majirani wasikie: "Marahaba!"

Bandani, Mama Plagi anashona. Ametoa cherehani stoo na anatengeneza kitanzi cha pili, kipana zaidi, cha shingo ya mwanamume. Kaka yake hatashika msumeno. Mkono wake haushiki tena kwa nguvu inayotakiwa, na yeye mwenyewe amelisema hilo kabla hajaulizwa. Atashika mkia. Kazi yake itakuwa kusimama ukutani, kuchomoa, kuvaa, na kuja kusimama mbele ya dada yake.

"Bila neno," anasema dada mtu. "Hakuna kuuliza, hakuna kujibu. Nione plagi kifuani ndipo niguse mnyororo. Neno mtu anaweza kulisema akiwa mikono mitupu."

Mpango wake mkubwa ni dirisha. Ameshachora kwa chaki kwenye bati, mkabala na soketi, mraba mkubwa kuliko unaohitajika. Fundi amejitolea fremu. Mvua zikiisha watakata.

"Miaka yote tulifanya kazi kwa masikio," anasema akikata uzi kwa meno. "Sasa nataka mwanga. Nataka hata umeme ukizima, ukuta ule niuone."

Anaifunga plagi kwenye kitanzi kipya na kumvisha kaka yake. Kaka anakirekebisha shingoni kwa vidole viwili vilivyobaki mkono wa kushoto. Taa imezima tangu asubuhi. Wanasubiri pamoja na fundi, msumeno ukiwa sakafuni kati yao, meno yake yaking'aa kidogo kwa mafuta.

Taa inawaka. Wote watatu wanautazama msumeno.

Hakuna kinachoamka.