Jina la Mama Limekatika Misani

Jumapili, Novemba 2004

Wenzangu waandishi wa programu,

Leo, kwenye misa ya kila mwaka ya marehemu, padre amemtaja mama yangu "Maria Ndeo", akapita.

Programu inayochapa majina ya marehemu wa parokia niliiandika mimi, kwa lugha ya C.

Shangazi akaninong'oneza: "Mtaalamu, nusu ya mama yako umeiacha Moshi mjini?"

Mama alipenda jina lake lote. Hata nesi aliyelifupisha, mama alimsahihisha.

Kosa? Kwenye malloc, pale ninapoiomba kompyuta nafasi ya kuhifadhi, niliomba nafasi ya struct peke yake, ile fomu tupu ya kila marehemu. Sikujumlisha urefu wa jina na baiti moja ya kulifunga. Majina mafupi yalienea. La mama likamwagikia nafasi ya marehemu aliyefuata, naye akaandikwa juu yake.

Nimesharekebisha, mstari mmoja tu. Lakini misa yenyewe ni mwakani tena.

Mkisali jioni, mkumbukeni: Maria Ndeonansia, wa Mwika.