Gari Lililoachwa Bondeni

Leo nimembebea jirani gunia la majani chai mabichi, na harufu yake imebaki garini. Ndiyo harufu ya gari kuukuu la baba, lililosomba majani chai yetu kule Gesima. Betri yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo kila jioni baba aliliacha juu ya kilima, likitazama mteremko. Asubuhi liliteremka lenyewe, likakohoa, likawaka.

Siku moja mjomba, kaka yake mama, aliliazima kwenda harusini. Alilipitisha mtoni akaliosha likang'aa, kisha kwa heshima akaliacha bondeni, mlangoni petu, ili baba asihangaike kupanda kilima.

Kulipokucha mama alishikwa na kifua. Tulimketisha kiti cha mbele ili tumpeleke hospitali, baba akashika usukani, sisi na majirani tukasukuma kupandisha kilima. Matope yalikuwa mengi. Gari lilipanda kidogo, likarudi. Likapanda tena, likarudi. Mjomba alisukuma huku akilia, na hakuna aliyemgombeza. Angegombezwa kwa kosa gani?

"Wacheni kusukuma," mama akasema dirishani, kwa sauti ileile ya kutuitia chai. "Watoto wamechoka."

Tukaacha. Baba hakushuka. Aliushikilia usukani, mama kando yake akiwa hapumui tena, mpaka jua likawa kali.

Gari langu huwaka kwa kubonyeza kitufe tu.

"Baba, mbona unapaki huku juu na nyumba iko kule chini?" binti yangu ameuliza jioni hii.

Nimemwambia atangulie. Kisha nimeligeuza gari, taratibu, mpaka likatazama mteremko.